Sauti ya Dakika ya Tisa

Alhamisi ile, zikiwa zimebaki siku mbili tu wazee wa mchumba wake waje kwao kuposa, mkandaji alifika kazini mapema kuliko kawaida. Akafungua dirisha la chumba chake, akabadilisha shuka ya kitanda cha kukandia, akapanga chupa za mafuta, na katikati ya kupanga akajikuta anatabasamu peke yake kama aliyechekeshwa na ukuta.

Wateja walimwita Mikono. Jina alilipata kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na shingo iliyokataa kugeuka, akatoka anaangaza kulia na kushoto kama mtu anayevuka barabara. "Huyu si mtu," alitangaza pale mapokezi, "huyu ni mikono tu!" Jina likakaa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kuachwa mara moja, akaapa hatapenda tena, na kiapo chake, kama viapo vingi vya aina hiyo, kilikuwa na mlango wa nyuma.

Aliyepita mlango huo aliletwa na muziki.

Chumba cha Mikono kilikuwa nyuma ya saluni ya shoga yake, mwanamke waliyesoma naye, wakachekeshana naye, wakazikiana ndugu. Kule mbele mashine za kukaushia nywele zilinguruma kutwa, na umbea ulizishinda mashine. Mtu analala kitandani apumzike, anaishia kujua nani kamwacha nani mtaa wa pili. Lazima pawe na muziki wa kuziba hayo. Lakini muziki gani?

Alianza na nyimbo za mapenzi za polepole. Mteja mmoja, aliyeachwa wiki hiyohiyo, alilia mpaka mto ukaloa. Akajaribu sauti za maji yanayotiririka. Asubuhi moja wateja watatu wakaomba kwenda msalani. Akatafuta mtandaoni, akapata filimbi tamu kabisa, na filimbi ikaenda vizuri mpaka katikati, ndipo tangazo la sabuni ya kufulia likapasuka kwa matarumbeta, mzee wa watu akaruka kutoka kitandani na taulo mkononi.

"Nitamkanda nani kwa hali hii?" alimlalamikia shoga yake. "Nataka muziki usiosema kitu. Usio na maneno, usio na haraka, usiomkumbusha mtu chochote."

"Kuna fundi mmoja wa sauti," shoga akasema, huku anasuka. "Yuko ghorofani, juu ya duka la viatu. Anatengeneza matangazo na miziki ya utulivu. Wanamwita Taratibu. Nenda, mwambie nimekutuma mimi."

Akaenda. Alimkuta mwanamume mrefu, mwenye sauti ya chini, amezungukwa na nyaya na spika, mkono mmoja juu ya kinanda, mwingine umeshika kikombe cha chai.

"Unataka muziki wa kuwalaza?" aliulizwa.

"Hapana. Wakilala wanakoroma. Nataka waachilie."

"Waachilie nini?"

"Walichokuja nacho."

Taratibu akaweka kikombe chini. Akamtazama mtazamo ule ambao mwanamke hausahau, si wa kumpima umbo, bali wa mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Basi usitafute wimbo," alisema. "Wimbo unataka usikilizwe. Wewe unataka kitu kinachopumua. Ukimwekea mtu sauti inayopumua polepole kuliko yeye, baada ya dakika nne tano ataifuata mwenyewe bila kuambiwa."

Na kweli walifuata. Wiki baada ya wiki alimletea vipande: kinanda kinachovuta sauti moja mpaka inafifia, ngoma ya mbali kama moyo wa mtu nyuma ya ukuta, upepo kidogo, kisha kimya. Mabega ya wateja yakashuka. Na bega la Mikono mwenyewe, lililokuwa limekakamaa tangu aachwe, likashuka vilevile. Mwezi wa sita tangu wajuane, Taratibu alimletea kipande cha dakika kumi na mbili kisicho na jina.

"Hiki si cha wateja," alisema. "Nimekutungia wewe. Nilikuwa naiwaza mikono yako."

Walikisikiliza pamoja, kichwa chake kifuani pa mwanamume huyo. Dakika ya tisa ikasikika sauti ya mbali, laini, inayoita na kufifia.

"Nini hicho?"

"Njiwa. Alitua dirishani nikiwa narekodi, nikamwacha."

Mikono akampenda njiwa yule. Na aliyempenda njiwa, jamani, atamkataaje mwenye dirisha?

Nyumbani hawakumpenda yeyote kati yao.

"Miezi minane, mwanangu, hujakanyaga kwake?" mama yake aliuliza.

"Nyumba inafanyiwa ukarabati, mama."

"Nyumba gani hiyo inakarabatiwa kama uwanja wa ndege?"

Mjomba naye, mtu wa maneno machache na yote makali, alisema, "Huyo ni mwanamume wa saa za kazi. Jumapili hapatikani, sikukuu hapatikani, usiku simu imezimwa. Mwulize kama kafungwa."

Mikono alilia, akanuna, akagoma kula. Mwishowe Taratibu mwenyewe akasema atawaleta wazee wake Jumamosi. Mama akalainika. Akashona mapazia mapya.

Ndipo ikafika Alhamisi ile.

Mteja wa saa nne alikuwa mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba, mcheshi, miguu imevimba, kiatu kimoja kakivua tangu mlangoni.

"Wifi yangu ndiye kanilazimisha," alisema. "Kaniambia, nenda kwa Mikono, utarudi mtu mwingine. Nami nataka sana kuwa mtu mwingine, dada, huyu wa sasa ananiuma mgongo."

Mikono akacheka. Akamlaza ubavu, akampa mto wa tumbo na mto wa magoti, akapasha mafuta viganjani. Halafu, kwa sababu furaha humfanya mtu awe mkarimu, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwekea mteja kile kipande chake mwenyewe.

Sauti ya kwanza ya kinanda ikaenea chumbani. Mgongo wa yule mama, chini ya viganja, ukalegea kabla hata ya dakika moja. Upesi mno. Kama mtu aliyeingia nyumbani kwake gizani na hahitaji taa.

"Dunia hii ndogo," mama alisema taratibu, macho yamefumbwa. "Huu muziki wangu."

"Ni wangu pia," Mikono akatania.

"Hapana, dada. Wangu kwelikweli. Mume wangu ndiye aliyeutunga. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa hataki kulala, nami nimechoka, nalia jikoni peke yangu. Akakaa na kinanda wiki nzima. Akasema, huu ni wako, siku ukichoka uwe unajilaza hapa ndani."

Viganja vya Mikono viliendelea kushuka na kupanda. Mikono ya mtu wa kazi ina akili zake. Inaweza kuendelea hata mwenyewe akiwa ameganda.

"Pengine inafanana tu," alisema. "Miziki hii hufanana."

"Ngoja ufike dakika ya tisa."

"Kuna njiwa," Mikono alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitokea mbali.

Yule mama akacheka, tumbo likatikisika. "Njiwa? Hakuna njiwa. Ni mimi! Nilikuwa mlangoni namwita mwanangu, 'Njoo.' Basi, neno moja tu. Kumbe baba yake kawasha mitambo. Akaichukua, akaivuta, akaipunguza kasi mpaka hata mimi sikujijua."

Wakangoja wote wawili. Ngoma ya mbali ikapiga. Upepo ukapita. Kisha ile sauti ikaja.

Njooo.

Sikio nalo likishaambiwa halisahau. Miezi yote ile alikuwa amesikia ndege. Sasa alisikia mwanamke amesimama mlangoni pa nyumba yake, anamwita mwanawe. Akauliza, maana mtu aliyeona nyoka lazima ahakikishe ni nyoka:

"Mumeo anaitwa nani?"

"Watu wote wanamwita Taratibu. Siku hizi hata mama yake mzazi."

Hapo mikono ikagoma. Ikabaki imelala kiunoni mwa yule mama kama vitu vilivyosahauliwa. Na wakati uleule, chini ya kiganja cha kushoto, kitu kikasukuma. Kikasukuma tena.

"Amecheza!" mama akasema kwa furaha. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Anaijua sauti ya baba yake huyu, hata akiwa kwenye kinanda." Akageuza kichwa. "Lakini wewe umeupata wapi, dada?"

Hapo palikuwa na ukweli na palikuwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Mikono akatazama dirisha.

"Mtandaoni," alisema.

Uso wa yule mama ukabadilika. Kicheko kikamtoka polepole. "Aliniapia hautatoka nje ya nyumba yetu," alisema, akageuzia uso ukutani mpaka saa yake ikaisha. Alipokuwa akiondoka alishukuru vizuri, akaandika jina na namba yake kwenye daftari la wateja, akasema atarudi wiki ijayo. Lakini bega moja lilikuwa limeshapanda tena.

Mikono alitoka chumbani akiwa bado na mafuta viganjani. Kule mbele hapakuwa na mteja. Shoga yake alikuwa anafagia nywele.

"Ana mke," Mikono alisema.

Fagio likasimama. Shoga akaegemea kiti, akafumba macho. "Umejuaje?"

Mikono alitaka kuanza kueleza. Mdomo ulishafunguka. Kisha akaufunga, akamtazama mwanamke yule waliyezikiana ndugu.

"Hukuuliza nani," alisema.

"Nini?"

"Nimesema ana mke. Mtu asiyejua angeuliza, nani ana mke? Wewe umeuliza nimejuaje."

"Shoga yangu, kaa kwanza..."

"Sikai. Tangu lini unajua?"

"Sikujua mwanzoni. Nilikutuma kwa ajili ya muziki tu. Naapa."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu wa mapenzi yenu," shoga alisema, machozi yakianza kumlenga. "Nilimwona na mkewe dukani. Nikamfuata, nikamwambia, mwambie ukweli, usipomwambia namwambia mimi. Akaniomba wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Na wewe ulikuwa unacheka, Mikono! Miaka minne sijakusikia ukicheka hivyo. Kila nikija na neno mdomoni nakukuta unaimba. Ningekukatizaje?"

"Kwa kunikatiza. Ungesema, nyamaza kidogo, nina neno."

"Niliogopa."

"Uliogopa, ukaniacha niwe mwizi wa mume wa mtu hapa ndani kwako. Mama yangu kashona mapazia! Na wewe ndiye uliyemchagulia rangi!"

Mikono akajifuta viganja kwa aproni, akaivua, akaitundika kwenye msumari wake. Alivuka barabara akiwa na ndara za kazini.

Ngazi za duka la viatu alizipanda bila kupumzika. Taratibu alikuwa na kikombe chake mkononi. Alipomwona akatabasamu, tabasamu likafika nusu, likakwama.

"Mkeo ana mgongo mbaya upande wa kushoto," Mikono alisema. "Mpunguzie kazi ya kuinama."

Kikombe kikateremshwa.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Jumamosi? Mbele ya mjomba?"

"Jumamosi nilikuwa naja kweli. Nimeshaongea na baba mdogo. Sikukuchezea, Mikono. Nakupenda, na wewe unajua nakupenda, mwili wako unajua."

"Na yeye?"

"Yeye ningemweleza."

"Unamweleza nini mtu ambaye amebakiza miezi miwili? Ungesema, mke wangu, jifungue salama, na huyu hapa ni mwenzako?"

Akasogea, akataka kumshika. Mikono akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Moyo, mpumbavu yule, bado ulimwenda mbio alipoisikia ile sauti ya chini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Aligundua kwamba chuki haiji siku moja na habari.

"Nijibu moja tu, niondoke," alisema. "Mmejaa miziki humu. Mashine hizi zimesheheni. Kwa nini ulinipa ule?"

Taratibu akatazama sakafu. Alipojibu, alijibu kweli, na pengine huo ndio ukweli pekee aliowahi kumpa.

"Kwa sababu ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga. Nilijaribu kukutungia mwingine. Sikuweza kuufikia. Nikataka uwe na kilicho bora."

"Kilikuwa na mwenyewe."

"Mikono..."

"Uliniambia ni njiwa. Nikiwa kifuani kwako, umenishika nywele, mkeo anaita, nawe ukaniambia ni njiwa." Akakamata kitasa cha mlango. "Hukushtuka hata kidogo? Kila niliposema nampenda njiwa wangu, hukusikia aibu hata ya kukohoa?"

Alikuwa na jibu la kila kitu mwanamume yule, la Jumapili, la sikukuu, la nyumba na ukarabati wake. La hilo hakuwa nalo.

"Usije Jumamosi," Mikono alisema. "Na pale saluni usipite hata mtaa wake."

Alifika nyumbani jioni, jua bado lipo. Mama yake alikuwa juu ya kiti anapachika pazia la mwisho, pini zimejaa mdomoni.

"Shuka, mama. Hawaji."

Mama akatema pini kiganjani. "Wameahirisha?"

"Ana mke. Na mtoto. Na mwingine njiani."

"Nilikwambia mimi!" neno lilimtoka mama kabla hajalizuia. "Nilisema, nyumba gani isiyo..." Kisha akauona uso wa mwanawe. Akashuka kitini taratibu, akakaa sakafuni palepale, akamvuta. "Nisamehe. Ulimi wangu huu una mbio kuliko akili. Njoo."

Kwa neno hilo Mikono akaangua kilio alichokibeba tangu saa nne. Alilia na kichwa mapajani pa mama yake, mama akimpapasa mgongo vibaya, kwa nguvu, mahali pasipotakiwa, kama mtu asiyejua kukanda, na hakuna mkono uliowahi kumfaa kama ule.

Baadaye alimsikia mama barazani anaongea na simu. "Kaka, wageni wa Jumamosi hawapo tena... Hapana, hawaumwi... Hapana, hawajachelewa. Wameisha. Na ukisema neno moja mbele ya mtoto, mimi na wewe tutakosana."

Ijumaa asubuhi alikwenda kazini, kwa sababu migongo ya watu haina habari na mioyo ya wakandaji. Shoga yake alimsalimia, naye akaitikia salamu, basi. Alikuwa anapanga taulo ndani simu ilipoita kwa namba asiyoijua.

"Dada Mikono? Ni mimi, yule wa jana mwenye tumbo."

Taulo likamponyoka. "Hujambo, mama? Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo umepona. Nimelala vizuri." Sauti ilikuwa tulivu, lakini haikuwa na kicheko cha jana. "Nilimwuliza mume wangu jana. Nikamwambia, umeuweka muziki wangu mtandaoni bila kunishauri. Akasema hajauweka. Nikatafuta mwenyewe kwa simu yangu mpaka macho yakaniuma. Haupo popote. Halafu nikamwambia niliusikia kwa mkandaji nyuma ya saluni. Akanyamaza. Sijawahi kumwona akinyamaza vile, na mimi namjua kwa kunyamaza."

Mikono alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikupigii kwa ugomvi," yule mama aliendelea. "Sina nguvu za ugomvi. Lakini mimi si mtoto, na watu wawili wameshanidanganya kwa siku moja. Nakuuliza mara ya pili, dada, na mara hii nakuomba. Nani alikupa muziki ule?"

Kule mbele mashine za nywele zilinguruma. Mikono aliwaza jinsi ilivyo rahisi kusema tena neno moja dogo, la huruma, la kumwacha mtu acheke wiki moja zaidi. Akakumbuka fagio lililosimama.

"Yeye," alisema. "Alinipa yeye mwenyewe. Sikujua ana mke, nakuapia, lakini hilo halikupunguzii kitu."

Upande wa pili hapakuwa na kilio. Palisikika mtoto anaomba maji, na mama yake akimwambia asubiri kidogo, kwa upole uleule, na kikombe kikawekwa mezani.

"Tangu lini?" yule mama aliuliza.

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa kwanza, mama. Weka kitu nyuma ya mgongo."

Kiti kikaburutwa. Mikono akangoja mpaka aliposikia mwenzake ameshusha pumzi. Kisha akaanza tangu ile siku ya kwanza ghorofani juu ya duka la viatu, akamweleza yote, bila kuruka hata siku moja.